Mwaka wa Viriba Vilivyooza

Ujumbe wa Wankyo ulinikuta kazini Mwanza, nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukimaliza. Mama ametutoka, mazishi Jumamosi, nyumbani Nyansurura. Niliandika pole sana, nikafuta kwa sababu ilikuwa fupi mno kwa mtu kama mama yake. Nikaandika pole ndefu, yenye kumbukumbu na shukrani, nikafuta tena kwa sababu ilisomeka kama utetezi, na hakuna aliyekuwa amenishtaki. Mwisho nilituma neno moja, nakuja, halafu nikashinda siku nzima nikijiuliza kama nilitakiwa kwanza kuuliza iwapo wananihitaji. Ndivyo nilivyo. Naweza kuligeuza jambo dogo mpaka likachakaa mkononi, kisha jambo kubwa likanipita mbele ya macho nikiwa bado nalikagua lile dogo. Mwaka nilioishi Tarime na kumfahamu Mama Wankyo ulinifundisha hilo, ingawa sidhani kama kujua kumenibadilisha.

Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya bioteknolojia, ambayo hakuna mtu Tarime aliyejua inaajiriwa wapi, mimi nikiwemo. Mfuko mmoja wa vijana wabunifu ulinipa mtaji mdogo, nikapanga chumba cha uani Nyamisangura kwa Mzee Salimu, fundi cherehani ambaye baba yake alitoka Tanga zamani akaoa hapahapa. Chumba kilikuwa stoo yake ya vitambaa. Kilikuwa na dirisha dogo lenye wavu, sakafu ya saruji iliyopasuka, na ukuta mmoja wenye alama za chaki za vipimo vya suruali za watu ambao huenda walishakufa. Humo niliweka mapipa ya plastiki ya bluu, pampu ya hewa ya kufugia samaki, na godoro langu. Kwenye mapipa nilifuga bakteria. Kuna bakteria wa udongoni ambao ukiwashibisha sukari na papo hapo ukawanyima naitrojeni, hawawezi kuzaana, basi chakula kinachozidi wanakiweka akiba ndani ya miili yao, kama ng'ombe anavyojiwekea mafuta. Lakini akiba yao si mafuta. Ni plastiki, au kwa jina la darasani, poliesta. Nilikuwa nawalisha molasi ileile wanayonyunyiziwa ng'ombe, kisha nawaua kwa klorini ya kufulia mashuka, nawaosha, nawaanika. Unachobaki nacho ni unga mweupe. Ukiuyeyusha unakuwa karatasi kama ya nailoni, na ukiifukia karatasi hiyo ardhini, bakteria wengine wanaila mpaka inakwisha. Nilitaka kutengeneza viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, ambavyo mtu angevifukia pamoja na mche wake bila kuvichana wala kuviacha vizagae.

Karatasi zangu za mwanzo zilivunjika kama chapati iliyolala. Poliesta ya molasi peke yake ni ngumu, haikubali kukunjwa. Ili ilegee ilibidi niwabadilishie bakteria chakula njiani, niwachanganyie asidi fulani ambayo wangeifuma ndani ya poliesta yao. Asidi hiyo chuoni ilikuwa inakaa kwenye chupa ndogo ndani ya kabati lililofungwa. Tarime ilikuwa inakaa ndani ya tumbo kubwa la kila ng'ombe. Kwa hiyo nikawa mteja wa machinjio. Asubuhi nilikwenda na dumu, vijana wa pale wakanikamulia majani mabichi yaliyotoka tumboni, nami nikaondoka na maji yake ya kijani yakiwa bado ya moto. Walinipa jina siku ya pili tu: Daktari wa Utumbo. "Mura, mpishe daktari," mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "ana mgonjwa wodini." Niliwachekea, kisha njia nzima nikajiuliza kama kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyekubali au cha mtu aliyeumia, na kama walitambua. Pale machinjio niliona pia kitu ambacho sikukisahau. Katika matumbo mengine hapakuwa na majani tu, palikuwa na donge la mifuko na viriba, limesokotana kama kamba ya mgomba, zito, lisilotoka juu wala chini. Walilitupa pembeni bila kulitazama.

Harufu ya asidi ile ni ya beberu, ya soksi, ya maziwa yaliyosahaulika, vyote pamoja. Ilinishika nywele, ikashika magauni. Kanisani, benchi nililokaa lilikuwa na nafasi. Sikuwahi kuona mtu akihama. Niliona tu kwamba nikifika kumejaa, na ibada ikifika katikati naweza kunyoosha mikono pande zote mbili. Nilihama kwenda benchi la nyuma kabla hawajaniomba, halafu nikawaza kwamba kuhama kwenyewe ni kukiri. Bombani nilisikia wanawake wawili wakiongea Kikurya, wakidhani nimekulia mjini siwaelewi. Mmoja alisema msomi karudi kupika gongo, tena kwa Mwislamu. Mwingine akasema gongo gani inanuka vile, labda ni ile ya kusafisha betri. Nilijaza ndoo zangu, nikawasalimia kwa Kiswahili. Mpaka leo sijui kwa nini sikuwasalimia kwa Kikurya. Nadhani niliona aibu kwa niaba yao, kana kwamba yangu mwenyewe haikutosha.

Maneno yalimfikia Mzee Salimu. Ijumaa moja baada ya swala alikuja akasimama mlangoni pangu na kanzu yake nyeupe, akakataa kiti. "Binti yangu," alisema, "watu wananiuliza msikitini. Niwajibu nini?" Nilimwambia si pombe. Akasema hilo analijua, pombe mtu huinywa, na hiki hata nzi wanakikimbia. Alichotaka ni jina la kitu, ili aliyemuuliza apewe jina. Nikamwambia ni poliesta. Aligeuka kutazama barazani kwake, kwenye suruali iliyokuwa imelala chini ya sindano ya cherehani, akaniuliza kama ni ileile. Nikaeleza kwamba ni ndugu yake, ila hii inatengenezwa na wadudu wasioonekana na inaoza. Akasema basi mtu yeyote asimletee suruali ya aina hiyo, maana yeye hushona nguo za kudumu. Halafu akaenda akaniletea pasi yake kubwa ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo kwenye mfuniko, kwa sababu alikuwa ameniona nikihangaika kuyeyusha unga wangu kwenye kikaango. Karatasi zangu zote zilipigwa kwa pasi ile, katikati ya mabati mawili yaliyopakwa mafuta, barazani, mbele za watu. Uvumi wa gongo ukafa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kuogopa kwamba sasa ni yeye atakayeaibika nikishindwa.

Mama Wankyo alikuja barazani hapo kuchukua sare za kikundi chao cha wanawake. Binti yake Wankyo alikuwa ameolewa jirani, naye akija kumwona mjukuu alipeleka kazi za kikundi kwa Mzee Salimu. Mama Wankyo alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo ya bonde. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akikunja kiriba changu kimoja vidoleni, akikikunjua, akikinusa. Aliniuliza ng'ombe akikila atakuwaje. Nikasema kitayeyuka tumboni polepole, hakitafanya donge. Kisha akasema alikuwa na mtamba mmoja, aliyemvuta kwa mikono yake mwenyewe siku ya kuzaliwa, akafa akiwa amevimba, na walipompasua walimkuta na donge la mifuko lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mume wake alikufa mwaka uleule, akaongeza, kwa sauti ileile.

Nilielewa haja yake siku ileile, maana aliieleza mbele ya Mzee Salimu bila kuficha. Shemeji yake, Mzee Marwa, alikuwa anasogea. Kila msimu jembe la Marwa lilivuka kidogo kuelekea bondeni, kwenye kipande chenye maji ambacho mume wake alikuwa akilima mboga. Wazee wa kitongoji walikuwa wamechoka kusuluhisha, wakasema mvua za kwanza zikinyesha watakuja, na kila upande uoteshe alama yake siku hiyo mbele yao, na mpaka utakuwa pale ilipooteshwa alama iliyosimama. Marwa angepanda mkonge. Yeye alitaka migrivea, mstari mzima, mti wenye mizizi, kwa sababu mkonge aliwahi kuuona umetembea. Miche alitaka iende ardhini na kiriba chake, isiguswe mizizi, ishike upesi. Na hakutaka nailoni shambani kwake tena. "Utaniwezea?" aliniuliza. Nilisema ndiyo haraka mno, halafu nikalala na ndiyo hiyo miezi kadhaa.

Ninachotaka msomaji aamini ni kwamba nilifikiri. Sijawahi kufikiri kama nilivyofikiri miezi ile. Niliwaza viriba vitapasuka vikijazwa udongo, nikaongeza maji ya tumbo la ng'ombe ili vilegee zaidi. Niliwaza jua litavikausha. Niliwaza mchwa. Zaidi ya yote niliwaza kwamba havitaoza, kwamba mizizi itanyongwa ndani na miaka mitano baadaye Mama Wankyo atakuwa na mstari wa miti iliyodumaa na mimi nitakuwa nimemdanganya mjane. Nilifukia vipande nyuma ya bafu la Mzee Salimu, kwenye mchanga, nikavifukua kila wiki. Vilikuwa vizima kama nilivyoviweka. Kwa hofu hiyo nikaongeza asidi tena kwenye mapipa ya mwisho, maana poliesta iliyolegea huliwa upesi kuliko ile ngumu. Nilijivunia uamuzi huo. Niliupeleka Nyansurura ndani ya gunia, viriba vyeupe vimepangwa kama mashati mapya, na wanawake wa kikundi wakavijaza huku wakiimba.

Walivijaza udongo waliouchanganya na samadi ya zizini, ile ya zamani, nyeusi, yenye unyevunyevu, kama kila mtu anavyofanya pande zile, kama nilivyokuwa nikifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nikitumwa na karai. Nilikuwa nimesimama pale. Nilishika koleo. Samadi ya zizi la zamani ni mji wa bakteria, hakuna kitu hai kuliko hicho, na mimi ndiye pekee katika kundi lile niliyesomea bakteria. Sikuliona. Nililijua mno kiasi kwamba halikuingia kwenye orodha ya mambo ya kuogopa. Kitalu walikiweka bondeni, penye maji, kwenye kipande kilekile kilichokuwa kinagombewa, viriba vimesimama bega kwa bega na kufukiwa nusu ili visianguke. Nilirudi mara moja kukagua. Miche ilikuwa imechangamka, majani yake ya fedha kwa chini yakigeuzwa na upepo, na juu ya udongo, kuzunguka kila mche, ukingo mweupe wa kiriba ulikuwa mzima kabisa, umekaa kama kola ya shati. Nilipiga picha. Nikawaonyesha wale wa mfuko wa vijana ulionipa mtaji. Wakati huo, chini ya kola, hapakuwa na shati.

Mvua zilikuja. Nilifika Nyansurura asubuhi ya siku ile na kukuta watu wameshakusanyika juu ya mteremko. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, wazee na viti vyao vidogo, wanawake wa kikundi na sare za Mzee Salimu, na upande mwingine Mzee Marwa na wanawe, wamekaa juu ya mkokoteni uliojaa mikonge. Mama Wankyo aliniita niwe wa kwanza kunyanyua mche, kwa heshima. Niliinama, nikaishika ile kola nyeupe kwa mikono miwili, nikavuta. Ikaja. Nilisimama nikiwa nimeishika, pete ya plastiki yenye udongo kidogo ukingoni, na mche umebaki palepale ukitikisika. Nikashika wa pili, pete. Mwanamke mmoja alishika wa tatu chini kabisa kwenye shina, akauvuta kwa nguvu, ukatoka na sauti ya kukatika, mizizi imebaki ardhini. Chini ya kitalu miche yote ilikuwa imeshikana, mizizi ya huyu imeingia kwa yule na wote wameingia bondeni kwenye tope, vizuri sana, kama nilivyokuwa nimeahidi kwamba itafanya kwenye mpaka.

Walileta majembe, wakachimba. Walichoweza kukitoa walikikimbiza ng'ambo ya bonde wakakipanda mteremkoni, na jua lilipopanda miche ikaanza kulala, mmoja baada ya mwingine, mbele za wazee ambao hawakuwa na la kufanya ila kutazama. Wana wa Marwa walianza kucheka kwa adabu, kisha bila adabu. Mmoja aliniuliza kama zile pete ni za ndoa, na nani anaoa. Mzee Marwa mwenyewe hakucheka. Alisubiri mpaka mwenyekiti alipomtazama, ndipo akashuka kwenye mkokoteni na kuanza kupanda mkonge wake, wima, mstari ulionyooka, juu ya bonde, upande huu wa boma la Mama Wankyo. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba makubaliano yalikuwa alama iliyosimama. Kitalu kikabaki chini ya mstari, upande wa Marwa, na maji yake. Nilikuwa bado nimeshika pete mkononi. Niligundua kwamba ninalia pale tu Mama Wankyo aliponikaribia, akasimama kati yangu na wale vijana ili wasinione.

"Usilie hapa," alisema. "Utalia ukifika Tarime."

Halafu akanipeleka nyumbani kwake, akanipa chakula. Hilo ndilo nililokuwa nikilikumbuka kila mara, kuliko pete, kuliko kicheko. Jikoni kwake palikuwa na giza la kupendeza na moshi, kuta zimesakafiwa kwa udongo na samadi, laini, bila ufa. Alinikalisha kwenye kigoda, akasonga ugali wa mtama na muhogo, akanimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Nje nilisikia wanawake wa kikundi wakirudi, wakiongea chini chini, na mmoja akiuliza kama yule msomi bado yupo. Mama Wankyo aliitikia kwamba mgeni wake anakula. Sikutaka kula. Lakini kubakiza kungeonekana nadharau chakula cha mtu niliyemkosesha bonde, na kumaliza kungeonekana sina haya. Nilipima hayo mawili kwa muda mrefu, tonge likiwa mkononi. Nikamaliza. Alinitazama mpaka mwisho na hakuniuliza ilikuwaje. Ningemweleza habari ya samadi, na nadhani angeelewa mara moja, labda hata angenicheka, na pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini hakuuliza, nami maneno hayo niliyapanga njia nzima ya kurudi, nikaliambia dirisha la basi.

Nilirudisha pasi kwa Mzee Salimu. Alikuwa ameshasikia. Aliifungua ile pasi, akamwaga majivu, akasema kazi ya kwanza aliyowahi kushona ilikuwa kanzu yenye mikono miwili ya kushoto. Niliosha mapipa, nikahama kabla ya mwaka kwisha, nikapata kazi Mwanza ya kupima maji, ambako bakteria wakionekana ndiyo habari mbaya. Kila Krismasi niliandika ujumbe kwa Mama Wankyo, na kila Krismasi ulikuwa mrefu mno au mfupi mno. Wankyo aliniambia mara moja kwa simu kwamba mama yake, akiuliza habari zangu, husema yule binti yangu wa viriba. Nilitaka kujua alilisema kwa sauti gani. Wankyo alisema kwa sauti yake ya kawaida.

Nyansurura siku ya mazishi palikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Turubai la bluu lilifunika uwanja mzima wa boma, limeinuliwa juu ya nguzo nyembamba zilizonyooka, bado na maganda yake ya kijivu, na pembeni akina mama walikuwa wakipika kwenye masufuria makubwa juu ya magogo ya mti uleule. Nilijua ni mgrivea kabla sijajiruhusu kujua. Kutoka pale boma lilipo unaona bonde. Chini ya mstari wa mikonge, ambayo sasa ilikuwa minene yenye miiba mirefu, palikuwa na kichaka kizito cha miti iliyosongamana, mirefu, myembamba kwa kugombea mwanga, imesimama kwa mistari mifupi iliyokaribiana sana, kama viriba vilivyopangwa bega kwa bega. Hapakuwa na mti uliodumaa. Katikati yake palikuwa na visiki vingi vipya.

Mzee Marwa alikuwa akipita kati ya wageni akiwasalimia, kama mkubwa wa ukoo anavyopaswa. Amezeeka, anatembea na fimbo. Nilimwamkia, akaitikia, akapita, kisha akarudi akaniangalia usoni.

"Wewe si yule wa mifuko?"

Nikasema ndiye. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu ya kila aina ya dhihaka, niliyokuwa nimeyakusanya kwa miaka.

"Ile miti yenu ya kule chini," alisema, akionyesha kwa fimbo, "ilishika sana. Nimejengea zizi. Nimewajengea vijana wangu wawili. Na leo nimesema wakate, nguzo na kuni zote, shemeji azikwe vizuri." Aliiweka fimbo kwapani, akanipa mikono yote miwili, mikavu na ya moto, na hapakuwa na dhihaka hata kidogo usoni mwake. "Asante sana, binti."

Majibu yangu yote hayakuwa ya shukrani hiyo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Karibu."

Nilipogeuka, Wankyo alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya ugali na nyama, mvuke ukipanda. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliniwekea sahani mikononi, akanishika bega kidogo, akaenda kuhudumia wengine. Nikakaa chini, mgongo wangu kwenye nguzo, nikala yote.